Daktari Mzima wa Kigaranyo

Shahidi wa tatu naye alisema daktari ni mzima.

"Mzima kabisa," alisema, na kwa kuogopa kwamba mgeni hakumsikia vizuri, akaongeza: "Mzima kama chuma cha reli."

Stanislaus Komba aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Reli yenyewe umeiona, mzee?"

"Kigoma, kwa macho yangu haya."

"Haya. Chuma cha reli," Stanislaus alisema, akaandika.

Walikuwa wamekaa barazani kwa huyo shahidi wa tatu, Mzee Melkiadi, balozi wa nyumba kumi wa kijiji cha Kigaranyo, nje kidogo ya Kibondo mjini. Stanislaus alikuwa mtu wa Songea, mnene, mwenye suti ya Kaunda iliyokuwa ikimbana kwapani, na alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka mingi kabla ofisi ya bima ya Tabora haijamwita. Polisini alikuwa akitafuta wezi. Bima ilimtuma kutafuta wagonjwa, na tangu siku ya kwanza aligundua kuwa mwizi ni rahisi zaidi kumpata.

Kesi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa nyepesi. Dk. Cleophas alikuwa daktari mpya, wino wa cheti chake haujakauka sawasawa, na ndiye daktari pekee wa hospitali ndogo ya Kigaranyo. Alipoajiriwa alikata bima ya kipato: kila mwezi anakatwa kidogo kwenye mshahara, na siku akiumwa au akiumia asiweze kufanya kazi yake ya udaktari, bima inamlipa sehemu ya mshahara mpaka apone. Madaktari vijana wengi huicheka bima hiyo, maana kijana hujiona haumwi. Huyu hakuicheka, na kumbe alikuwa na akili. Kabla mwaka haujaisha Land Rover ya hospitali ilikwama kwenye tope njia ya Kasulu, akashuka kusukuma, kioo cha mlango kikapasuka kikamkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Jeraha lilipona. Vidole, kwa maelezo yake mwenyewe, havikupona.

Kwa maelezo yake mwenyewe. Maneno hayo ndiyo yaliyompa Stanislaus ugali wake.

Akiandika kwamba daktari kweli hawezi kazi, bima ingelipa na kijana angekaa akiuguza mkono kwa utulivu. Akiandika kwamba ni mzima, kijana asingelipwa kitu, na juu ya hapo angeshitakiwa kwa udanganyifu. Daktari akitiwa hatiani kwa udanganyifu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya madaktari, na miaka yote ya shule inakwenda na maji. Stanislaus alilijua hilo, na ndiyo maana hakupenda kuharakisha, hata mashahidi walipomharakisha.

Na walimharakisha kweli. Shahidi wa kwanza, mwuza chumvi, aliapa kwamba juzi tu alimwona daktari aking'oa jino. Na leo yuko wapi? Amekwenda kuchanja watoto vijiji vya mbali. Shahidi wa pili, mwalimu, alisema daktari yuko Kibondo mjini anampasua mkubwa mmoja ambaye jina lake halisemeki. Sasa Melkiadi alisema amekwenda kumsalimia mama yake Kitanga, upande wa Kasulu, kwa sababu kazi imemchosha.

"Daktari mmoja," Stanislaus alisema, "asubuhi moja, mahali patatu. Huyo si mzima tu, huyo ni malaika."

Melkiadi alicheka sana, halafu akagundua kwamba mgeni hacheki, akakohoa.

Hapo ndipo alipoingia Mama Maximilla. Alikuwa mkulima wa maharage, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na hakungoja kuitwa. Alipiga makofi ya salamu kama desturi ya Waha, akainama kidogo. "Mwakeye!" alisema, akavuta kigoda, akaunyosha mguu wake mbele ya Stanislaus.

"Tazama. Maneno ni maneno, bwana mkubwa. Weye tazama mguu."

Juu kidogo ya kifundo kulikuwa na jeraha refu lililoshonwa. Jembe lilimpitia, alieleza, wakati wa palizi. Nyuzi zilikuwa bado mwilini.

"Nani aliyekushona?"

"Muganga wachu. Daktari Cleophas."

"Kwa mkono upi?"

"Huu!" Maximilla aliinua mkono wake wa kulia juu kabisa, kana kwamba anakula kiapo cha mahakamani.

Stanislaus aliinama mpaka vifungo vya suti vikalalamika. Meno yang'olewayo hayana alama, chanjo hazina alama, lakini huu ulikuwa ushahidi wa kushikika. Jeraha lilikuwa jipya. Ajali ya Land Rover ilikuwa ya masika yaliyopita. Mtu fulani mwenye vidole vyema aliutengeneza mguu huu baada ya daktari kudai vidole vyake vimekufa. Mshono ulikuwa mzuri ajabu. Mke wa Stanislaus alikuwa fundi cherehani, na kwa kukaa naye alikuwa amejifunza kutazama uzi. Nyuzi za Maximilla zililala upande usio wa kawaida, na ya mwisho ilizungushwa mara mbili kabla ya kukazwa, kitu ambacho jeraha halikihitaji. Aliyeshona alifanya hivyo kwa mazoea tu.

"Umeshonwa vizuri, mama."

"Si nilikwambia?"

Alimwambia, ndiyo. Na kwa kumwambia huko, alikuwa amemfunga daktari wake kitanzi shingoni, na hakuwa na habari.

Hospitalini Stanislaus alimkuta Nesi Generosa, muuguzi mwembamba wa makamo, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku zamani na akasahau kuomba kurudi. Kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula, alimkaribisha nyumbani kwake nyuma ya wodi. Sebule ilikuwa ndogo na kila kitu ndani yake kilivalishwa kitambaa cha kudarizi: viti, meza, redio, hata mtungi wa maji. Maua mekundu, ndege wa kijani. Stanislaus alikula ugali na samaki wa migebuka mpaka akaona haya, kisha akaanza kazi.

"Daktari Cleophas anafanya kazi?"

Generosa alimpa kikombe cha chai. "Samahani, nakupa kwa kushoto," alisema. "Ndivyo nilivyozaliwa. Anafanya, ndiyo."

"Anashona?"

"Anashona."

"Alimshona Maximilla?"

Kikombe kilikuwa kimeshafika, lakini mkono wa Generosa ulibaki hewani. "Nani mwingine angemshona? Mimi ni muuguzi tu. Sisi haturuhusiwi. Mkaguzi mmoja alishaniandikia onyo, nikishika tena sindano ya kushonea watu, kazi sina."

"Tena?"

"Nimesema nikishika," alisema upesi. "Chai ina sukari ya kutosha?"

Chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Stanislaus alitazama kitambaa cha redio kwa muda mrefu, akasifu ndege, akaaga.

Melkiadi alikuwa akimngoja penye gari pamoja na Maximilla. Mzee alizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe akauliza: "Sasa, bwana mkubwa. Tuambie kweli. Unamchukua lini?"

"Namchukua nani?"

"Daktari."

"Nimpeleke wapi?"

"Kama wale wengine!" Maximilla alidakia. "Kila mara tukipata daktari, anakuja mtu mwenye gari, mwenye mkoba, mwenye hiyo suti, anauliza, je, daktari wenu ana afya, anaweza kazi? Nasi kwa ujinga wetu tunasema, amechoka choka maskini, ana kikohozi. Haya! Mwezi haupiti amehamishwa. Safari hii tuliambiana kijiji kizima. Akija mtu wa mkoba, daktari ni mzima."

Stanislaus alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja, akachagua kuegemea gari.

"Mama, mimi si mtu wa uhamisho. Mimi ni mtu wa bima." Akawaeleza polepole, bila maneno ya ofisini: daktari wenu ameumia mkono, amesema hawezi kazi, kuna chombo cha kumlipa akae auguze mpaka apone, na mimi nimekuja kuhakikisha kama kweli ameumia. "Na nyinyi mmeniambia ni mzima kama chuma cha reli."

Melkiadi alivua kofia.

"Kwa hiyo tumem..."

"Mmemmaliza."

"Mawe, mama yangu!" Maximilla alijishika kichwa. "Futa! Futa yote! Hajang'oa jino, hajachanja mtu, hampasui mkubwa yeyote!"

"Hayo nilishayafuta zamani, mama. Uongo wenu ulikuwa na miguu mitatu, kila mmoja na njia yake. Lakini mguu wako je? Ule nao ni uongo? Nyuzi zile nimeziona kwa macho yangu. Nani aliyekushona?"

Maximilla alifungua kinywa, akamtazama Melkiadi, akatazama upande wa wodi, akakifunga. Stanislaus alipanda gari akaondoka.

Alilala Kasulu mjini, na asubuhi akashika njia ya Kitanga: katika kufuta kwote kule, Maximilla hakumfuta yule mama. Barabara ilipanda na kushuka, nyekundu, migomba pande zote, ubaridi wa mlimani ukimwingia kwenye kola. Njia nzima alijaribu kujishawishi kwamba daktari hakumshona Maximilla, na njia nzima uzi ulimjibu kwamba mtu fulani alimshona.

Nyumba ya Bibi Odilia, mama yake daktari, haikuwa ngumu kuipata. Ilikuwa siku ya kukamua ndizi za pombe, na jirani wote walikuwa njiani kwenda huko au kutoka huko. Uani kulikuwa na hori refu la mti uliochongwa, limejaa ndizi mbivu zilizochanganywa na majani, na wanaume watatu wamepiga magoti wakikamua kwa mikono. Wa katikati, kijana mrefu mwenye miwani, kifua wazi, alikuwa akikamua kwa bidii kuliko wote.

"Namtafuta Dk. Cleophas," Stanislaus alisema.

"Ndiye mimi," alisema mwenye miwani. Akainuka, akapiga makofi ya salamu mbele ya mgeni, pa, pa, pa, mikono yote miwili, maji ya ndizi yakiruka. "Mwakeye! Karibu sana, ndugu."

Mkono wa kulia ulikuwa unakamua. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga makofi. Stanislaus alijitambulisha, na uso wa daktari ukabadilika, lakini haukubadilika sana. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja basi na sasa analiona.

"Nisamehe, nimalizie," daktari alisema. "Mama atanigombeza. Toka alfajiri tunamwaga maji na kukamua, tumebakiza kidogo."

"Mgeni hakai bure kwangu!" Bibi Odilia alipiga kelele kutoka mlangoni. Alikuwa mfupi, mkavu, mchangamfu, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimekaa upande. "Mpeni nafasi akamue!"

Basi mpelelezi wa bima akakunja mikono ya suti na kupiga magoti. Alikamua mpaka kiuno kikamwuma na jirani wakamshangilia. Hapo hapo, akiwa ameinamia hori bega kwa bega na mtuhumiwa wake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani aliyemshona Maximilla?"

Daktari aliacha kukamua. Kisha akaendelea.

"Mimi."

"Baada ya ajali?"

"Baada ya ajali."

"Unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Andika."

Stanislaus alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wezi wa pamba, na mtu mmoja aliyeiba kengele ya kanisa. Wote walikana mpaka mwisho, na mwizi wa kengele alikana huku inalia mikononi mwake. Mtu anayekiri kwa swali moja jambo litakalomwangamiza ana kitu kikubwa zaidi nyuma ya mgongo. Hilo lilimrudishia hamu ya kazi.

Waliponyanyuka kunawa, alisimama karibu na beseni na kutazama. Kwanza alitazama mikono yake mwenyewe. Kwa kukaa majimaji, vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimekunjamana kama vya kikongwe. Kisha akatazama vya daktari. Mkono wa kushoto, vilevile: vyote vimekunjamana. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho na jirani yake, vimekunjamana. Lakini dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa laini, vimenyooka, ngozi kama ya mtoto mchanga, kana kwamba havikugusa maji tangu asubuhi.

"Daktari, hebu nisomeshe. Kwa nini hivi vitatu havikunji ngozi?"

Kijana alivuta mkono nyuma ya mgongo. Alikuwa msomi lakini hakujua kuficha kitu. "Sijui."

"Unajua. Umefundishwa."

"Kidole kikikatika mshipa wake wa fahamu," daktari alisema kwa kujilazimisha, "ngozi yake haikunjamani majini. Lakini wangu unapona. Umeshapona."

"Vizuri. Bima itafurahi." Stanislaus alitoa shati la akiba kwenye mkoba, akavuta kifungo chake kimoja mpaka kikang'oka. "Bibi Odilia! Sindano na uzi, tafadhali!"

Uzi ulikuwa umeshatiwa. Stanislaus aliiweka sindano kwenye kiganja cha kushoto cha daktari. "Umemshona mama wa watu mguu. Nishonee kifungo."

Jirani walisogea. Daktari aliibana sindano kwa vidole viwili vya kulia, na ikaonekana ameishika, mpaka alipoinua mkono. Sindano ilikuwa bado kiganjani. Alikuwa ameinua hewa. Akajaribu tena. Alipata kuishika, akaitazama kwa macho ili ajue kama ipo, akaipeleka kwenye shati, ikaanguka. Akainama akaiokota kwa kushoto, akaipeleka kulia, ikaanguka. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Dole gumba lake halikuweza kuja kukutana na vidole vingine. Lilikuwa linakaa pembeni kama mtu aliyegombana na wenzake.

"Basi," Stanislaus alisema kwa upole.

"Nimechoka tu kwa kukamua. Nipe tena."

"Basi, mwanangu. Sikiliza. Mtu anayetaka kuonekana mgonjwa anaweza kujifanya hawezi. Hilo nimeliona mara nyingi. Lakini weye hapa unataka kuonekana mzima. Unajitahidi kwa nguvu zako zote kushona, na huwezi. Hakuna mwigizaji wa hivyo duniani. Ndizi unaweza kukamua, makofi unaweza kupiga, jembe pengine unashika. Bima yako haikukatwa kwa ajili ya ndizi. Ni ya udaktari, na udaktari mkono huu kwa sasa hauwezi."

Bibi Odilia alikuwa amesimama na kibweta cha nyuzi. Alimtazama mwanawe kama anamwona leo. "Uliniambia unapona," alisema. "Cleophas. Uliniambia ni ganzi kidogo."

"Sikutaka ulie, mama."

"Na sasa nacheka?" mama alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, naye akawa anayafuta kwa hasira. Daktari alimkumbatia kwa mkono wake mzima. Stanislaus akageuka kutazama migomba.

Alipogeuka tena, alisema: "Mguu ulishonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Mtu anayedarizi, aliyezoea kuuzungusha uzi mara mbili mwishoni ili ua lisifumuke. Na weye ulikuwa tayari kupoteza udaktari ili yeye asipoteze uuguzi."

"Damu ilikuwa haikatiki," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilisimama nikatazama mikono yangu. Yeye aliniuliza, nifanye nini? Nikamwambia, shona. Mimi ndiye niliyesema. Usiandike jina lake, ndugu yangu, nakuomba. Andika langu."

Kabla Stanislaus hajajibu, lori la unga wa mahindi liliunguruma njiani, likasimama kwa mlio wa breki uliowatawanya kuku. Nyuma yake, juu ya magunia, walikuwa wameketi Mzee Melkiadi, Mama Maximilla na Nesi Generosa, weupe kwa vumbi la unga kuanzia kichwani. Maximilla ndiye aliyeshuka wa kwanza, mguu wake mbaya mbele.

"Tumeendesha usiku kucha!" alisema, ingawa aliyeendesha alikuwa dereva. "Bwana bima! Usiandike kwanza! Nimekuja kusema uongo wangu!"

"Sema, mama."

"Sikushonwa na daktari." Akasita, akamtazama Generosa.

Generosa alijikung'uta unga. Hakuwa mtu wa makelele. Aliunyosha mkono wake wa kushoto mbele ya watu wote, na safari hii hakuomba samahani. "Ni huu. Mimi ndiye niliyemshona. Onyo nilikuwa nalo, nikajua, nikashona. Angekufa. Andika Generosa, muuguzi wa hospitali ya Kigaranyo, na kama kuna karatasi ya kufukuzwa kazi nileteeni niipokee hapahapa."

"Generosa!" daktari alisema.

"Weye nyamaza. Umesema uongo kwa ajili yangu, na huujui hata kuusema. Uso wako unakusema."

"Na mimi," Melkiadi alisema, kofia mikononi, "niandike kwa chuma cha reli. Nilikosea. Reli nilipita mbali tu."

Watu walicheka, Stanislaus akacheka nao, na kwa kicheko hicho akapata nafasi ya kufikiri. Halafu akasema, kwa sauti ya ofisini ambayo alikuwa hajaitumia tangu Tabora:

"Nesi Generosa. Mimi sikutumwa kumtafuta aliyeshona. Nimetumwa kumtafuta asiyeweza kushona. Nimeshampata." Akafungua mkoba. "Nitaandika kwamba mguu ulishonwa na mtu mwingine mwenye mkono mzima. Bima haina swali zaidi ya hapo, na mimi si mkaguzi wa hospitali. Nani anataka kunisaidia kubeba meza?"

Meza ililetwa na watu sita, ingawa wawili wangetosha. Maximilla aliikamata pembe moja na kuuliza njia nzima, "Sasa anabaki? Kweli anabaki? Analipwa ili akae?"

"Analipwa ili apone, mama. Mshipa ukiota tena anarudi kushona. Na mdomo wake ni mzima, anaweza kufundisha, wanafunzi mtamtafutia wenyewe."

"Jamani!" Maximilla alisema. "Kumbe serikali ina akili!"

Stanislaus aliandika ripoti yake palepale uani, harufu ya ndizi ikimjaa puani, akaisoma kwa sauti ili kila mtu aisikie. Kisha ikabaki sahihi ya mdai. Daktari alichukua kalamu kwa mkono wa kulia, ikalala, ikadondoka. Akaichukua kwa kushoto, lakini sahihi ya kushoto isingefanana na ile aliyoitia alipokata bima, na Tabora wangeirudisha.

"Basi itakuwa dole gumba la mkono ulioumia, ndivyo Tabora wanavyotaka," Stanislaus alisema, na alijisikia vibaya kulisema.

Hakuna aliyetaka kutazama. Kijana wa kwanza wa Kitanga kusomea udaktari alikuwa anatiwa wino kidoleni kama wazee wa zamani waliokuwa hawajui kalamu. Yeye mwenyewe alijaribu kutabasamu. Dole liligusa karatasi likateleza, maana hakulisikia. Bibi Odilia akasogea, akalishika dole la mwanawe kwa vidole vyake viwili, akalikandamiza polepole mahali pake, akaliinua. Alama ilitoka safi.

"Na shahidi wa familia," Stanislaus alisema. "Naye atie dole hapa chini."

"Dole la nini?" Bibi Odilia alisema.

Alifuta mikono yake kwenye kanga, akaketi, akavuta karatasi, akachukua kalamu ileile iliyomshinda mwanawe. Mwaka uliopita alikuwa amefuzu kisomo cha watu wazima. Aliinama karibu kabisa na meza, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akaanza O, kubwa, ya duara, akatua. Kisha d. Daktari alimwinamia begani, macho yamejaa maji, akicheka.

"Mama, hapo baada ya d..."

"Nyamaza," alisema Bibi Odilia bila kuinua kichwa. "Utanikosesha."